Begi "jepesi" la paka limenifungukia katikati ya Ziwa Kivu. Wauzaji, mnatuuzia nini?

Ndugu zangu wa Bukavu wenye paka, someni hii kabla hamjatoa makuta yenu.

Nilinunua begi la kubebea paka hapa mjini, dola 25. Muuzaji aliliinua kwa kidole kimoja: "Ona mama, halifiki hata kilo moja!" Nikaamini. Nilikuwa nampeleka Mayele, paka wangu wa kilo 4 na nusu, kwa dada yangu Goma, na kutoka Kadutu hadi bandarini ni pikipiki, begi kifuani. Nani angekataa kitu chepesi?

Sasa mniambie: huo wepesi mmeupata kwa kupunguza nini? Nimelipasua nikaona. Chini hakuna ubao wala plastiki ngumu, ni boksi lililovikwa kitambaa. Shimo la kwanza barabarani, sakafu ikakunjika, mnyama akajikusanya katikati kama viazi kwenye mfuko. Wavu wa kupitisha hewa uko upande mmoja tu, na ndio upande niliokuwa nimeukumbatia. Zipu ni laini kama ya mfuko wa penseli, haina kibanio cha kuizuia isirudi. Paka akiisukuma kwa pua na kuikwaruza kidogo, inaachia.

Iliachia kwenye boti, kisiwa cha Idjwi tunakiona mkono wa kuume. Mayele alichomoka akaingia chini ya viti, kati ya magunia, anahema mdomo wazi. Paka akihema hivyo, jua amezidiwa na hofu au joto. Watu wanapiga kelele, injini inanguruma, ukingo wa boti uko hapo hapo. Baba mmoja alimfunika kwa koti lake, Mungu ambariki. Mikono yangu mpaka leo ina alama.

Niliporudi dukani nikaambiwa, "Mama, paka wako ndiye mkali." Mkali! Begi la paka hushonwa kwa ajili ya paka aliyeogopa, si yule anayesinzia kwenye picha ya boksi. Na pesa hawakurudisha.

Ninakubali, nilipaswa kuliacha wazi nyumbani siku kadhaa, na kipande cha kitenge changu ndani, alizoee. Nililitoa asubuhi ile ile. Lakini mazoea hayashoni zipu.

Wepesi siukatai. Lile la plastiki lenye mlango wa chuma, panda nalo mlima wa Kadutu uone mkono wako. Ninachotaka ni kitambaa kigumu, sakafu isiyokunjika inayotoka ukitaka kufua, wavu pande mbili, mkanda mfupi ndani wa kushika hanesi (ile mikanda anayovishwa paka mwilini), na nafasi ya paka kusimama na kujigeuza.

Kama kuna fundi cherehani, Kadutu au Ibanda, anayeweza kushona turubai na kutia zipu nene, andikeni hapa. Nitakuja na Mayele apimwe. Dada yangu atamrudisha mwezi ujao, na kwenye lile begi harudi.