Vishikwambi kumi, watoto 94, darasa la pili: nianzie wapi?

mwl_wa_KKK

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, shule ya serikali huku Dodoma vijijini. Darasa lina watoto 94, madawati yapo ila wanabanana wanne wanne. Mwezi uliopita walikuja wafadhili na gari, wakapiga picha na watoto, wakatuachia vishikwambi kumi na projekta moja wakaondoka. Semina hakuna, karatasi ya maelekezo hakuna. Vimefungiwa kwenye kabati ofisini kwa mwalimu mkuu na ufunguo anatembea nao yeye, nikivitaka nasaini daftari utadhani nachukua bunduki 😂

Kishikwambi chenyewe kwangu sio kitu kigeni, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 si tuligawiwa walimu, changu ninacho mpaka leo, ila tuambiane ukweli, mimi nakitumia kujaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, na kupokea maagizo ya kwenye grupu la WhatsApp basi. Kumfundishia mtoto wa miaka saba nane sijawahi. Jumatatu nikasema leo najaribu, nikagawa kimoja kimoja madawati ya mbele. Hazijapita dakika tano kimoja kimebadilika lugha kimekuwa Kichina, kingine kina selfi 60 za pua, na wale wa nyuma wamepanda juu ya madawati wanachungulia. Nikavikusanya vyote nikarudi kwenye chaki yangu.

Sasa naomba mwenye uzoefu anisaidie. Mtandao hapa hakuna mpaka upande kilimani karibu na tangi la maji, umeme upo ila unakatika unavyotaka wenyewe. Halafu mwenzangu tunayesaidiana naye darasa hilo ana miaka 56, akiviona tu anasema "niacheni nistaafu salama". Nifanyeje?

KabatiLaChuma

Pole mwalimu. Mimi niko Kenya, Makueni, na hiyo stori ya kabati naijua vizuri sana. Sisi laptopu tuliahidiwa 2013, zikaja kuwa tableti kuanzia 2016, shule ikaletewa za watoto wa darasa la kwanza, mbili za walimu, projekta, na kale kasanduku ka kuweka masomo kenye waifai yake. Kitu ya maana tulipata hapo hata si tableti, ni stima, shule nyingi zilivutiwa waya juu ya huo mradi.

Sasa hedi tuliyekuwa naye akaogopa wezi. Akaweka mlango wa grili, dirisha la grili, kabati ya chuma, na soja wa usiku. Wezi hawakuja. Kufungua baada ya miaka mbili, karibu nusu hazishiki chaji kabisa. Betri ikikaa sufuri muda mrefu inakufa yenyewe, haingoji mwizi. Kwa hivyo kama ni lazima zifungiwe likizo, ziache na chaji nusu hivi, zima kabisa, na mtu azitoe aziangalie kila mwezi. Mwambie mwalimu mkuu wako polepole kwamba zikifia kabatini ni yeye ataulizwa. Hiyo ataelewa haraka kuliko ukimweleza mambo ya watoto.

NyumbuWaMara

Mwalimu kosa lako ni moja tu, ulianza na kumi. Anza na kimoja, na kishike wewe.

Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili huku Mara na shida yetu mnaijua, l na r huku ni mtu na ndugu yake. Mtoto anakuambia "mwarimu nimekura" na wewe mwenyewe mwalimu ukichoka inakuponyoka vilevile. Nilinunua spika ndogo ya bluetooth elfu ishirini na tano, nikakaa jioni na dada mmoja wa zahanati aliyekulia Tanga, nikamrekodi anasoma maneno mawili mawili: kula, kura. Mahali, mahari. Basi nikija darasani naweka sauti, watoto wananyoosha mkono wa kulia wakisikia l, wa kushoto wakisikia r. Watoto 80 na kifaa kimoja kiko mfukoni kwangu, hakuna anayechungulia kwa sababu hakuna cha kuchungulia.

Halafu nikawageuzia. Mtoto anakuja mbele anasoma sentensi tatu za kitabu, namrekodi, tunasikiliza wote. Kuna binti mmoja tangu Januari hajawahi kufungua mdomo darasani, ukimuuliza anashika kona ya sketi anainama. Nikamrekodi nje chini ya mwembe tukiwa wawili tu, tukarudi ndani nikaiweka kwenye spika. Darasa zima kimya. Akaniangalia akauliza, "Ni mimi huyo?" Wiki iliyofuata akajileta mwenyewe. Sisemi sasa hivi anasoma kama mtangazaji, herufi mwambatano bado zinamtesa, nywa na ng'wa anaziruka kama dimbwi, ila sasa namsikia nikajua anakwama wapi. Ndio faida ya rekodi, watoto 80 huwezi kumsikiliza kila mmoja ndani ya dakika 30 za kipindi, lakini jioni ukiwa unapepeta mchele unaweza kuwasikiliza watano.

FundiNyaya

Mimi sio mwalimu ni fundi, ila nimefunga vitu hivi shule kadhaa.

Mtandao usikuumize kichwa. Tafuta laptopu hata ya zamani, weka programu inaitwa Kolibri, ni ya bure. Nenda nayo mjini siku moja penye intaneti ya uhakika, shusha unachotaka kiingie mle ndani, kuna hadithi za African Storybook za Kiswahili nyingi tu, rudi nayo kijijini. Ukifika unawasha rauta yoyote hata isiyo na laini, vishikwambi vinaikamata laptopu kwa waifai na mtoto anafungua hadithi kama yuko mtandaoni, hakuna bando linaloliwa. Watu wakisikia waifai wanadhani lazima kuna intaneti, hapana, hiyo ni kamba tu isiyoonekana, upande wa pili unaweza kuifunga kwenye laptopu iliyo hapo mezani. Na vitabu vya kiada usisahau, viko Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), PDF bure, vishushe siku hiyohiyo.

Mlafi ni projekta. Soma kibandiko cha nyuma, nyingi zinakula wati 250 hivi, ongeza laptopu 50, hizo 300. Mkitaka kutumia sola, betri ya 12V ya 100Ah ina kama wati-saa 1,200 lakini hizi betri za maji usizikamue zaidi ya nusu, zinabaki 600, na inveta nayo ina mgao wake, kwa hiyo hesabu saa moja na nusu na bado jua liwe limewaka. Kuvijaza vishikwambi vyote kumi kutoka sufuri ni kama wati-saa 200. Yaani chakula cha projekta cha lisaa limoja kinashibisha vishikwambi wiki nzima kama mnavitumia kidogo kidogo. Umeme wa kukatika nao ukirudi kwa kishindo unaunguza adapta, weka kile kifaa cha kulindia friji kabla ya ekstensheni. Usiache.

mzazi_mkali

Samahani lakini mimi naona mnapotea. Watoto 94 darasa moja, choo sijui matundu mangapi, halafu mnajadili vishikwambi? Na nyumbani tunawanyang'anya simu hawalali, shuleni mnawapa. Mtoto wa darasa la pili anahitaji daftari, penseli na uji.

mwl_wa_KKK

Mzazi nakuelewa, na hata mimi ningeulizwa kabla ningesema leteni matofali ya darasa la pili B. Sikuulizwa. Ruzuku ya serikali ni shilingi elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka na humo kuna mpaka fungu la vitabu, mimi hapo sina la kupanga. Vimeshakuja, viko kabatini, ndio naulizia kabla havijafia humo kama vya jirani yetu wa Makueni.

tanga_raha

Mzazi mkali asiwakatishe tamaa ila msimpuuze pia. Huku kwetu Tanga vijijini kulikuwa na yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za tableti za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, kuanzia 2017 mpaka 2019, watoto karibu elfu tatu walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili, zinachajiwa kwa sola, wengi wao shule hawajawahi kukanyaga. Walijifunza bila mwalimu kusimama mbele, wengine walianzia hawajui hata neno moja wakaishia kusoma sentensi. Wengine hawakufika huko, tusidanganyane. Mwaka 2019 wakashinda watengenezaji wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana dola milioni kumi. Na masharti ya mashindano yalikuwa kazi zao ziachwe wazi, kwa hiyo mwalimu zitafute, ziko bure, ni za Kiswahili, na zimejaribiwa kwa watoto wa huku sio wa Ulaya.

Ila pale kila mtoto alikuwa na chake. Wewe una kumi, kwa hiyo zamu hukwepi. Mimi naweka watatu watatu kwa kifaa, hao ni 30, wengine wako nje na msaidizi wanahesabu kwa vizibo na mawe. Siku tatu wanazunguka wote. Kwako 94 wanabaki wanne, hao wapenyeze vikundi vitakuwa vya wanne, wasibaki wanalia. Kazi zigawe: mmoja anagusa, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika jibu kwenye daftari, kengele ikilia wanabadilishana. Yule wa daftari usimtoe, bila yeye wanageuka wacheza gemu. Na kabla hujagawa nenda kwenye setingi upande wa usalama, kuna sehemu ya kubandika programu moja isifunguke nyingine mpaka uweke namba ya siri, Kichina na selfi zitakoma. Mwisho kabisa, waoshe mikono wakaushe. Vidole vyenye vumbi la chaki na jasho kioo hakivisikii, mtoto anagonga anagonga anadhani yeye ndiye mjinga.

mwl_wa_KKK

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya, tulikuwa na mitihani ya nusu muhula.

Laptopu bado sijapata kwa hiyo Kolibri inasubiri. Zamu nimejaribu mara nne, ya kwanza ilikuwa vurugu, ya nne angalau nimesikia sauti yangu mwenyewe. Yule wa daftari ni kweli kabisa, nilimtoa siku moja nikajuta.

Ila la kuwaambia ni la mzee wangu wa kustaafu salama. Nilisoma ya NyumbuWaMara nikaona huyu mzee kinachomuogopesha ni vitufe, lakini kwa hadithi hana mpinzani kata nzima. Nikamfuata chini ya mbuyu saa ya uji, nikamwambia mwalimu wewe simulia tu ile ya sungura na fisi kisimani, mimi nitashika hiki. "Hadithi hadithi!" akaanza, kwa aibu kidogo, mimi peke yangu nikaitikia "hadithi njoo". Akakatisha katikati akaniuliza kama inasikia hata akikohoa. Nikamwekea asikilize. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema pale kwenye fisi nimeharakisha, rudia. Turudie! Tumerudia mara tatu. Sasa hivi ana hadithi sita, watoto wanaisikiliza sauti yake kwenye spika wanafuatisha maneno niliyoandika ubaoni, na yeye amekaa dirishani anajifanya anasahihisha madaftari. Jana ndiye aliyesaini daftari la kabati, sio mimi. Mwalimu mkuu akanipigia kuuliza kama kuna tatizo.

Projekta sijaigusa, hesabu za FundiNyaya zimenitisha.

Swali dogo la mwisho, kishikwambi namba saba kimeanguka, kioo kina ufa pembeni na upande wa kushoto wote hausikii mguso. Fundi wa mjini anataka elfu 70. Nitoe?

FundiNyaya

Usitoe. Bandika selotepu pana juu ya ufa usije ukawakata watoto vidole, halafu geuza skrini ilale ili kitufe cha kurekodi kije upande mzima. Mpe mzee kiwe chake.