Puto la Kapadokia: nina siku tatu, naogopa urefu, na mama ana goti bovu

Mzigo_Laleli
Habari wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Nauza nguo za kike Kariakoo, na mara mbili kwa mwaka nakwenda Istanbul kufunga mzigo pale Laleli, mtaa wa maduka ya jumla. Miaka yote ni dukani, kargo, uwanja wa ndege, nyumbani. Safari ya mwisho wa Oktoba mama anakuja nami. Ana miaka 63. Tangu utoto wangu namsikia akisoma mwanzo wa Waraka wa Kwanza wa Petro, pale wanapotajwa waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia. Nilipomwonyesha kwenye simu picha ya maputo yale makubwa ya kubeba watu juu ya miamba, nikamwambia Kapadokia ndiyo hii, iko huko huko Uturuki, alinyamaza, kisha akauliza, "Na watu wanafika?"

Nimetenga siku tatu. Sijawahi kupanda puto, na nikichungulia chini kutoka ghorofa ya nne tu miguu inalegea. Mama goti la kulia linamsumbua, ngazi anapanda polepole. Naomba anayejua kweli anisaidie: siku zinatosha? Huko juu woga unakuwaje? Na mama ataweza?

Kijana_wa_Kayseri
Dada, nasoma hapa Kayseri mwaka wa tatu. Kutoka Istanbul pandeni ndege hadi Kayseri au Nevşehir, ni saa moja na dakika chache. Kayseri hadi Göreme, mji mdogo wanakorukia maputo, ni kama saa moja kwa gari. Basi la usiku lipo, ila ni zaidi ya saa kumi za kukaa, goti la mama litavimba.

Siku tatu zinatosha kama utaweka puto asubuhi ya kwanza. Usiliache la mwisho. Kuruka hakuamuliwi na kampuni, kunaamuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga kwa kuangalia upepo. Bendera ya kijani mnaruka, njano mnasubiri, nyekundu hakuna puto litakaloinuka hata moja. Kuna Watanzania wenzangu walikuja kwa usiku mmoja tu, ikawa nyekundu, wakaondoka hivyo hivyo. Kabla ya kulipa hakikisha imeandikwa kwamba likifutwa kwa hali ya hewa unarudishiwa hela yote au unapangiwa kesho yake. Na uchukue koti zito, alfajiri ya Oktoba hapa si baridi ya Lushoto.

Bi_Mkubwa_Tanga
Marahaba, mwanangu. Nilikuwa muuguzi, nimestaafu, na binti yangu ndiye aliyenipeleka. Nianze na goti maana hilo ndilo zito.

Kapu la puto halina mlango. Unapanda kwa kuweka mguu kwenye matundu ya ubavuni, unavuka ukingo unaonifika mimi kifuani. Wanasaidia kukushika, lakini mguu unabeba uzito wote. Halafu kutua: rubani anawaambia mkunje magoti na mshike kamba za ndani. Siku yangu tulitua taratibu juu ya trela ya gari. Upepo ukiwa mkali kidogo kapu hudunda, hata kulala ubavu. Magoti ndiyo yanayopokea yote hayo. Mpeleke mama kwa daktari wake kabla ya safari, mwambie maneno haya haya, si "tunakwenda kutalii" tu. Na kampuni waelezeni ukweli, wasije wakamkatalia pale uwanjani saa kumi na moja alfajiri.

Sasa woga. Mimi ni wa kuogopa hata daraja. Walipuliza puto likiwa limelala chini, kwanza kwa feni kubwa, kisha wakawasha gesi, likasimama kama nyumba. Nilishika ukingo nikafumba macho nikisubiri kuhisi tunapanda. Sikuhisi. Nilipofumbua, watu wa chini walikuwa kama punje za mchele, na tumbo langu limetulia. Ghorofani kuna ukuta unaoteremka hadi chini na jicho linaufuata. Kwenye puto jicho halina cha kufuata. Na hakuna upepo, kwa kuwa unakwenda nao. Leso yangu haikupepea hata upindo. Moto ukiwaka unapata joto utosini, ukizimwa unasikia mbwa akibweka kijijini.

Rubani hana usukani. Anapanda na kushuka akitafuta upepo unaokwenda anakotaka, maana kila kimo kina upepo wake. Alitushusha bondeni hadi nikaona vijidirisha vilivyochongwa kwenye mwamba. Ni nyumba za njiwa: wenyeji walikuwa wakikusanya kinyesi chao kurutubisha mizabibu. Mwamba wenyewe ni majivu ya volkano yaliyogandamana, ndiyo maana unachongeka. Kwa mbali kulikuwa na mlima Erciyes, theluji kichwani, na nilifikiria Kilimanjaro siku ile nzima.

Daktari akikataa, usihuzunike. Maputo yanapita juu ya paa za hoteli za Göreme, anayakuta kwa chai. Kisha mpeleke kwenye makanisa ya mapangoni. Hayo ndiyo Kapadokia yake.

Mzigo_Laleli
Nimerudi kutoa mrejesho. Daktari alikataa, na mama alikubali kabla hajamaliza kusema. Asubuhi ya kwanza bendera nyekundu. Nilifadhaika sana, mama akalala tena. Ya pili kijani. Nilimwacha kwenye paa la hoteli na blanketi, nikapanda peke yangu na wageni kumi na tisa. Bi Mkubwa, leso yangu nayo haikupepea. Nilitafuta lile paa nikaliona, na kitenge chake cha njano, akinipungia puto ambalo huenda hakujua kama ndilo langu.

Mchana tukaenda makanisani. Ngazi za mawe zipo, tulikwenda moja moja. Ndani aliwatazama watakatifu waliochorwa ukutani, wengine nyuso zimekwanguliwa, akaniuliza kama hao waliochonga humu walikuwa wanaogopa nini. Nikamwambia nitauliza.