Mjadala: Kutenganisha pasi na wepesi kuliinusuru Blood Bowl au kuliiharibu?

Mtupa_Pasi: Wakuu, ligi yetu ya Blood Bowl, ule mchezo wa mezani wa mpira wa viumbe wa kubuni, unaochezwa kwa vijisanamu na dadu, inakaribia kuanza na bado hatujakubaliana tutumie sheria za mwaka gani. Mimi nasema toleo la 2020 ndilo lililofanya la maana zaidi tangu 1994. Zamani kupasi, kudaka na kumkwepa adui vyote vilipimwa kwa namba moja ya mchezaji, wepesi. Mrushaji wa timu ya binadamu alikuwa sawa na yeyote mwenye wepesi wa 3, akamzidi kwa ujuzi tu. Toleo hilo lilimpa namba yake ya pasi, 2+, yaani dadu ikitoa 2 au zaidi, na inaonekana uwanjani. Mnasemaje?

Kocha_Mkongwe: Pasi gani, mkuu? Ligi zote mpira unabebwa tu. Mbebaji katikati, wenzake pembe nne, mnasogea taratibu mpaka zamu ya nane, mwisho wa kipindi. Walioumia ni wale waliowekewa kistari badala ya namba ya pasi. Kwao pasi ni ndoto. Tangu toleo la 1988 roho ya mchezo ni moja: ukikosea, zamu imekwisha. Hiyo ilitosha.

Mama_Dadu: Kaka, usitulishe matango pori. Kukosea ukapoteza zamu kulikuja 1994, pamoja na zile dadu za kukabana. Sanduku la 1988 ninalo hapa, na uwanja wake wa Astrogranite. Hiyo sheria humo haimo.

Kocha_Mkongwe: 1988, 1994, sawa dada, umeshinda. Kinachoniuma mimi ni kuondolewa Piling On, ule ujuzi wa kujilaza juu ya uliyemwangusha ili umuumize. Mchezo umelainishwa.

Deraya_9: Hapo umenigusa! Hukuwahi kuchezesha timu ya Dwarf dhidi ya timu ya Chaos enzi zile. Deraya, yaani kinga ya mwili, ya 9 ilitakiwa ipasuke kwa dadu mbili kutoa jumla ya 10. Akija mwenye ujuzi wa Claw, inapasuka kwa 8. Ujuzi mwingine, Mighty Blow, unaongeza moja, basi 7 inatosha. Ikishindikana, jamaa anajilaza juu ya mchezaji wako na kurusha dadu upya. Msimu mzima unajenga timu, unavunjiwa jioni moja. 2020 wameandika wazi kwamba ile 8 ya Claw ni kabla ya nyongeza yoyote. Huko ni kuponya, si kulainisha.

Kocha_Mkongwe: Dwarf! Mtu mwenye timu inayotembea miraba minne kwa zamu leo anatufundisha mpira!

Deraya_9: Miraba minne na kombe ninalo. Wewe una nini?

Mtupa_Pasi: Jamani, swali lilikuwa pasi.

Kocha_Mkongwe: Pasi itasubiri. Huyu aseme hapa, Dwarf anacheza mpira au anaziba njia? Nani amewahi kuwatazama akafurahi?

Deraya_9: Na ninyi mlioua wachezaji wa watu kwa kujilaza juu yao, mlikuwa mnamfurahisha nani? Vijana wangapi waliacha mchezo kwa sababu yenu?

Mama_Dadu: Mnagombana bure, wote wawili. Mliacha jambo zito likapita. Kulikuwa na kamati iliyokaa na wachezaji ikarekebisha sheria hatua kwa hatua, na kitabu ulikipakua bila senti. Ligi zilikitumia mpaka 2016. Baada ya hapo 2016 nunua, 2020 nunua, 2025 nunua tena. Kijana anayeanza leo atabaki na hela ya kununua vijisanamu kweli?

Mtupa_Pasi: Dada, bila vitabu hivyo kampuni inayoutengeneza, Games Workshop, isingeurudisha mchezo dukani.

Mama_Dadu: Mchezo haukuwahi kufa! Wachezaji ndio waliouweka hai miaka yote ambayo duka halikuutaka. Leo unampa sifa aliyeukuta unapumua?

Deraya_9: Hapo naungana na Mama. Na bado nasubiri Kocha ataje kombe lake.

Kocha_Mkongwe: Njoo na Dwarf zako kwenye meza yangu, sheria za 2020 uzipendazo. Tutaongea baada ya zamu ya kumi na sita, mechi ikiisha.