Mshahara hauvuki tarehe 10 ingawa bajeti ninayo: kasoro iko wapi?

Mwalimu wa Kilosa aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari, nina mume na watoto wawili, na huu ni mwaka wa tatu ninaandika bajeti ya kila mwezi katika daftari. Mshahara huingia kati ya tarehe 22 na 25. Ninalipa kodi ya nyumba, ninanunua chakula cha jumla, ninapunguza deni la dukani kwa Mangi, kisha ninabakiza shilingi 150,000 kwenye simu kwa ajili ya bati za nyumba tunayoijenga. Ikifika tarehe 10 fedha hiyo imekwisha, na wala sikumbuki kununua kitu cha anasa.

Juzi niliketi nikapitia ujumbe wote wa miamala ya mwezi uliopita. Nilimtumia mdogo wangu 20,000 alipokwama nauli, nikatoa 30,000 za mchango wa harusi ya mwenzetu kazini, jirani ambaye mtoto wake alikuwa na homa akapata 15,000, na zilizobaki zikaenda kidogo kidogo kwenye vocha, bodaboda na mboga. Nikiitazama kila moja peke yake, siijutii. Lakini mwaka huu nimelazimika mara mbili kuchukua mikopo ya kausha damu, ile ya haraka yenye riba kubwa, ili nifike mwisho wa mwezi, na mume wangu anasema kwamba sina nidhamu. Ninawaomba wenye ujuzi wa tabia za binadamu wanisaidie: je, tatizo langu ni nidhamu kweli? Na kama sivyo, nibadilishe nini?

Mchumi wa Tabia alijibu:

Ndugu Mwalimu, nimesomea eneo hili na nimefanya kazi na vikundi vya akiba, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo. Mtu anayeandika bajeti kwa miaka mitatu na kupitia miamala yake mmoja mmoja hawezi kuambiwa kwamba hana nidhamu. Kasoro ninayoiona ni mahali fedha ya bati inapokaa. Iko katika pochi ileile ya simu inayotoa nauli na vocha, na jina lake limeandikwa katika daftari ambalo halipo mbele yako pale mdogo wako anapopiga simu. Wakati huo unachokiona ni salio tu, na salio linasema kwamba unayo.

Mtaalamu wa uchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, alieleza kwa kina jinsi watu wanavyoigawa fedha akilini katika mafungu, na jinsi fungu lenye jina linavyoguswa kwa shida kuliko fungu lisilo na jina, ijapokuwa shilingi ni ileile. Jambo hili lilipimwa karibu na kwetu. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi magharibi mwa Kenya na wanachama wa vikundi vya kupeana fedha kwa zamu, vile tunavyoviita upatu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia fedha, kufuli na ufunguo, wakaombwa wataje kitu cha afya wanachokiwekea akiba, kwa mfano chandarua. Ufunguo walikaa nao wenyewe, na hakuna aliyewazuia kufungua siku yoyote. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja matumizi yao katika vitu vya kinga ya afya yalikuwa yamepanda kwa takribani theluthi mbili yakilinganishwa na ya wale ambao hawakupewa sanduku.

Kundi jingine lilipewa sanduku la namna hiyohiyo, ila ufunguo ukashikwa na ofisa wa mradi mpaka lengo litimie. Wengi wetu tungetarajia kwamba hawa ndio wangefanya vizuri zaidi, kwa kuwa kishawishi kimeondolewa kabisa. Haikuwa hivyo: kwa wastani, sanduku lililofungwa namna hiyo halikuongeza matumizi ya kinga. Watu waliogopa kuitumbukiza fedha mahali ambapo hawangeweza kuifikia mtoto akiugua usiku. Ninalisisitiza hili kwa sababu ushauri unaotolewa kila siku, kwamba ufungie fedha zako zote mahali usipozifikia, unasahau kwamba dharura katika maisha yetu ni za kweli. Walioelezea faida ya sanduku walitaja mambo mawili: fedha ilipata kazi maalumu, na wao wenyewe walipata sababu ya kumjibu anayeomba. Ni rahisi zaidi kumwambia ndugu kwamba fedha iliyopo ni ya chandarua kuliko kumwambia kwamba huna, huku mnajua nyote wawili kwamba unayo.

La pili ni siku. Uamuzi wa akiba usiuache kwa mtu utakayekuwa tarehe 8, kwani huyo amechoka na ana simu tatu ambazo hajazijibu. Ufanye siku mshahara unapoingia. Esther Duflo, Michael Kremer na huyohuyo Robinson waliwachunguza wakulima wa magharibi mwa Kenya waliosema kwamba watanunua mbolea lakini hawakununua msimu ulipofika. Walipofuatwa mara tu baada ya mavuno, fedha ikiwa bado mkononi, wakapewa nafasi ya kulipia mbolea palepale na kuletewa bila gharama ya usafiri, ununuzi uliongezeka kwa kiasi kinachokaribia kile kilicholetwa na ruzuku ya nusu bei iliyotolewa baadaye, wakati wa kuitumia mbolea. Kwako wewe maana yake ni kwamba bati zinunuliwe tarehe 25, hata kama ni nne tu.

Mweka Hazina wa Kikoba aliongeza:

Mwanangu Mwalimu, pokea na maneno ya mtu ambaye amekaa na sanduku la kikundi kwa miaka mingi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa wanachama watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Tunanunua hisa, yaani mafungu ya akiba yenye bei moja, kila wiki, kuanzia moja hadi tano, na mbali na hisa kila mwanachama anachangia mfuko wa jamii, ambao hatuugusi ila kwa ugonjwa au msiba. Ndugu aliyetangulia amesema kweli kuhusu dharura: wanachama wetu walianza kuziheshimu hisa zao baada ya mfuko wa jamii kuwa na nguvu. Kabla ya hapo, kila mwenye mgonjwa alikuwa anataka kuvunja akiba yake.

Kwa hiyo usianze na fungu la bati peke yake. Anza na mafungu mawili, la bati na la watu. Hao ndugu, jirani na wafanyakazi wenzako hawataacha kukuhitaji, wala wewe hutaki waache, kwa maana kesho utawahitaji wao. Tenga 50,000 na uiite fedha ya watu. Ikiisha tarehe 12, utakayemjibu tarehe 13 utamwambia kwa moyo mweupe kwamba fungu la mwezi huu limekwisha, na unaweza kumtajia mwezi ujao.

Kuhusu kununua bati kidogo kidogo, ninaunga mkono, lakini usiziache dukani kwa ahadi ya mdomo. Chukua stakabadhi na uzipeleke nyumbani, uziweke juu ya mbao mahali pakavu, kwa sababu bati zilizolazwa zikigandana huku zikiwa na unyevu hupata kutu nyeupe katikati. Kama ni za rangi, chagua kiwanda kimoja na namba moja ya rangi tangu mwanzo.

Baba Wawili aliandika:

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini ninaomba jambo moja lisipotee. Wapo watu wengi ambao mshahara wao hauvuki tarehe 10 kwa sababu ni mdogo, na hakuna sanduku litakalobadilisha hilo. Mwalimu anabakiwa na 150,000 baada ya mahitaji makuu, ndiyo maana ushauri huu unamfaa. Asiyebakiwa na kitu asitwishwe lawama ya tabia juu ya shida ya kipato.

Pia ningeanza na mkopo wa kausha damu kabla ya bati. Riba yake inakula kwa siku chache zaidi ya kile ambacho akiba yoyote ingeleta kwa mwaka. Kama Mwalimu bado anadaiwa hata sehemu, fungu la bati la mwezi huu liende huko lote.

Mwalimu wa Kilosa alirudi:

Ninawashukuru sana. Deni lile nimebakiza awamu moja, kwa hiyo nitaanza nalo kama Baba Wawili alivyoshauri. Nimemwonyesha mume wangu majibu haya, naye amekubali tutenge fungu la watu kwa pamoja, kwa sababu hata yeye huombwa na hunitumia ujumbe nitoe mimi. Limebaki swali moja. Mimi hushindwa palepale simu inapoita: nikisikia sauti ya mdogo wangu tayari nimeshasema ndiyo, na hesabu huifanya baada ya kukata simu. Fungu lenye jina litanisaidiaje ikiwa mdomo wangu unatangulia?

Mchumi wa Tabia alijibu:

Hapo ndipo kazi ya mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, inapokufaa. Kuanzia miaka ya 1990 ameonyesha katika majaribio mengi kwamba nia ya jumla, kwa mfano kusema nitapunguza kutoa, hushindwa mara nyingi zaidi kuliko mpango unaolifunga tukio maalumu na tendo maalumu: likitokea hili, nitafanya lile. Uamuzi unakuwa umeshafanyika kabla ya tukio kufika.

Kwa hiyo usipange kukataa. Panga sentensi moja tu na uiandike nyuma ya simu: mtu akiniomba fedha kwa simu, nitamwambia, «Nimekusikia, nitakupigia saa 2 usiku baada ya kuongea na baba watoto.» Sentensi hiyo ni ya kweli kwa sababu fungu sasa ni la wawili, na haimvunji moyo mdogo wako. Mazoezi yafanye na mume wako jioni, yeye ajifanye mdogo wako, mpaka itoke bila kufikiri. Jambo la mgonjwa aliye njiani kwenda hospitali liwekee kanuni yake: hilo lisisubiri saa 2, litoke papo hapo katika fungu la watu, na kiwango chake cha juu mkubaliane ninyi wawili leo kabla simu haijaita.