Tupeane uzoefu: zamu za walezi kwenye vituo vya watoto wadogo, Mwanza

Wadau wa malezi, leo tuzungumzie saa za kazi. Vituo vya jirani na mwalo wa Kirumba, panaposhushwa samaki, hufungua saa 11:30 alfajiri kwa sababu akina mama wanawahi dagaa, na mtoto wa mwisho huchukuliwa saa 12 jioni. Ni saa kumi na mbili na nusu hizo. Zamu zipangweje? Tuandike kwa hesabu.

Mlezi Nyakato
Walezi wawili wanatosha kwa kundi dogo. Wa kwanza anaingia 11:30 alfajiri, anatoka 9:30 alasiri. Wa pili ni saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Toa saa moja ya mapumziko, kila mmoja amefanya saa 9. Kwa siku tano ni 45, na huo ndio ukomo wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Wakati wa uji, kuogesha na kulisha wote wapo. Kinachoharibu ni Jumamosi: wiki imeshajaa, kwa hiyo hata "nusu siku tu" ni ovataimu.

Mhasibu wa vituo
Mshahara wa mwezi ugawe kwa 195, yaani saa za kazi za mwezi kwa wiki ya saa 45, upate malipo ya saa. 390,000 inatoa 2,000. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 3,000. Ile nusu saa ya kabla ya saa 12 asubuhi kisheria ni usiku, ina nyongeza ya asilimia 5. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili ajifungue asipangiwe kufungua geti muda huo. Daftari la mahudhurio liandikwe saa halisi, si "asubuhi" na "jioni".

Mwalimu wa awali, Igoma
Hapo kwenye mapumziko ndipo vituo vingi vinakosea. Wote wawili hupewa mapumziko watoto wakilala, kisha inasemwa wamepumzika. Jamani, anayesikiliza pumzi za watoto na kumgeuza aliyelala kifudifudi yuko kazini! Sheria inataka dakika 60 baada ya saa 5 mfululizo. Aliyeingia 11:30 alfajiri zinamtimia saa 4:30 asubuhi, kwa hiyo apumzike hapo hadi 5:30. Mwenzake ni saa 7 mchana, watoto wamelala, wa kwanza analinda. Na atoke chumbani kabisa. Akitakiwa kukaa tayari kwa kazi, saa hiyo inalipwa.

Mlezi Pasiansi
Niongeze la mgongo. Kubadilisha pampasi sakafuni, mara nyingi kwa siku, ndiko kunakoumiza kiuno. Fundi seremala atengeneze meza ya kimo cha kiuno yenye kingo pembeni, na mkono mmoja ubaki kwa mtoto muda wote. Pakichafuka kwa kinyesi au matapishi, futa kwanza, kisha jiki ya asilimia 3.5: kipimo 1 kwa maji vipimo 6, ichanganywe upya kila siku maana inapoteza nguvu. Glavu ni juu ya mwajiri, zisikatwe kwenye mshahara.

Msimamizi, Buhongwa
Na kituo chenye mlezi mmoja?

Mhasibu wa vituo
Hana wa kumpokea, kwa hiyo saa ya mapumziko nayo ihesabiwe kazi. Akifungua saa 1 asubuhi, saa 9 zinaisha saa 10 jioni. Wazazi waambiwe hivyo siku ya kuandikisha mtoto.