Tupeane uzoefu: skeli za gitaa na kidole kidogo kinachosimama kama antena

Soloista wa Zamu: Nimetoka kutazama kijana anapiga skeli ya G (noti zinazopanda kwa mpangilio kuanzia G), kidole kidogo cha mkono wa kushoto kiko angani. Nikaona nifungue mada. Kidole kikiruka sentimita tano, zote tano kitazirudi, na hapo ndipo unapoachwa na ngoma. Kisizidi sentimita moja juu ya uzi. Kwa asiyeijua: uzi wa sita, ule mnene, freti (vyuma vinavyokatiza shingo) 3 na 5, wa tano 2, 3, 5, wa nne na wa tatu 2, 4, 5, wa pili 3, 5, wa kwanza 2, 3. Shahada freti ya 2, cha kati ya 3, cha pete ya 4, kidogo ya 5. Mkono hauhami.

Mama Alto: Antena 😂😂

Freti Tano: Mwanzoni isogezeni skeli ianze na A, freti ya 5 ya uzi wa sita. Gitaa la milimita 650, nafasi ya freti ya kwanza ni kama milimita 36, ya tano kama 29. Vidole havitanuki sana. Na bonyeza nyuma tu ya chuma: mbali nacho uzi unakereza, juu yake sauti inakufa.

Kavu: Gumba la kushoto mbona hamlisemi? Likae mgongoni mwa shingo, mkabala na cha kati. Likichungulia juu, kiganja kinalala na kidole kidogo hakifiki.

Benga Damu: Ushule huo. Wapiga rumba wangapi gumba linachungulia na solo inatoka?

Kavu: Kwenye kodi (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) sawa. Kwenye skeli ya freti nne, jaribu halafu urudi hapa.

Benga Damu: Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, alidonoa kwa gumba na shahada tu, na dunia ikamsikiliza.

Kavu: Huo ni mkono wa kulia, ndugu yangu!

Fundi Daraja: Kabla hamjaulaumu mkono, tazameni gitaa. Lililetwa moja la nyuzi za nailoni, mwenyewe kalifunga za chuma. Za chuma nyepesi zinavuta karibu kilo 70, nailoni kama 40. Kwanza tumbo, ubao wa mbele, likavimba, nyuzi zikapanda, mwanafunzi akawa anakaba shingo hadi kifundo kinauma. Mwalimu anamwambia "legeza mkono". Usiku mmoja daraja, kipande kinachoshika nyuzi tumboni, likang'oka na kipande cha ubao, mlio kama risasi, nyumba nzima nje.

Mama Alto: Weeeh! Linagundika?

Fundi Daraja: Linagundika, kwa gundi ya mbao na jiliwa, saa 24 bila kuguswa. Kisha nailoni.

Kwaya Bass: Tumesahau skeli. Metronomu (chombo cha kuhesabu mapigo) 60 kwa dakika, noti mbili kila pigo, piki (kibao cha kudonolea) chini-juu hata unapovuka uzi. Ukipita mara tatu bila kosa, ongeza 4.

Benga Damu: Mimi nasema anza 120, vidole vitajua vyenyewe.

Kavu: Vitajua kukosea haraka. Piki itokeze milimita tatu, nne, ikizidi inanasa.

Mama Alto: Na kucha za mkono wa kushoto?

Soloista wa Zamu: Kata zote. Hata hiyo ya kidole kidogo, dada.