Kichwa hakinipi raha tangu nichomwe ganzi ya oparesheni, naombeni ushauri

Mama Kitinda: Wapendwa, nimejifungua kwa oparesheni wiki hii. Nilichomwa ganzi ya mgongo. Miguu ilirudi vizuri siku ileile, ila kichwa kinagonga kuanzia kisogoni mpaka machoni. Nikiinuka kunyonyesha ndiyo balaa. Ni ile sindano? Kitaisha chenyewe? Hospitali sirudi, mshono bado unavuta.

Chuma cha Pua: Hongera. Ila bibi zetu walizaa bila kisu na wakaamka kupika.

Zuhura: Na wengine hawakuamka kabisa, hilo husemi. Mama Kitinda, mimi ilinipata kwa mtoto wa pili. Sindano hutoboa utando, maji ya uti wa mgongo yanavuja, ukikaa kichwa kinapasuka, ukilala unapata nafuu. Walinitoa damu mkononi wakaidunga palepale mgongoni, ikaziba tundu. Mume wangu alipoona sindano akaanguka mlangoni, manesi wakaniacha mimi wakamkimbilia yeye!

Nesi wa Zamu: Dada, ukilala chali kinaisha?

Mama Kitinda: Mwanzoni kiliisha. Tangu jana hakiishi.

Nesi wa Zamu: Presha ilikuwaje ukiwa mjamzito?

Mama Kitinda: Ilipanda mwishoni, ndiyo maana nikapasuliwa. Nilipewa vidonge vya nyumbani, nimeviacha. Mama mkwe anasema vinaingia kwenye maziwa, na amelea watoto saba, anajua. Hivi vimulimuli ninavyoviona nadhani ni kukosa usingizi tu.

Mpita Njia: Hii ni chai. Anaona vimulimuli, kichwa kinapasuka, halafu hakosei hata herufi moja?

Chuma cha Pua: Hata mimi nimeshtuka. Presha mbona imetajwa mwishoni?

Mama Kitinda: Namtajia mdogo wangu, yeye ndiye anaandika. Nidanganye nipate nini?

Nesi wa Zamu: Hata kama ni chai, kuna mzazi anasoma hapa akiwa na hali hiihii. Kifafa cha mimba hakiishii leba, kinaweza kumpata mtu hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Kichwa kisichotulia ukilala, pamoja na vimulimuli, usiisingizie ganzi. Na dawa za presha zinazofaa kwa anayenyonyesha zipo, nifedipini ni mojawapo. Tafuteni kipimo sasa hivi. Kikisoma 160/110 au zaidi, hiyo ni dharura.

Mama Kitinda: Ni mimi mdogo wake. Tumeazima kipimo kwa jirani, kinasoma 172/114. Dada anasema tusubiri kukuche.

Zuhura: Jamani! Mwamsheni shemeji!

Nesi wa Zamu: Msisubiri. Bebeni kadi ya kliniki na vile vidonge. Mkifika tu semeni: amejifungua wiki hii, presha imepanda, anaona vimulimuli, dawa ameacha. Msiseme “anaumwa kichwa” mkaishia hapo, mtawekwa kwenye foleni. Na mtoto aende naye, atataka kunyonya.